Shuka, Doti na Hongo: Istilahi za Mavazi ya Wanawake katika Enzi ya Malkia Victoria, kwa Mfano wa Morogoro na Uluguru

1. Utangulizi

Mfasiri anayeshika kitabu cha historia ya Uingereza ya karne ya 19 hafiki mbali kabla ya kukwama katika nguo. Hukutana na wanawake waliobanwa viuno kwa mifupa ya nyangumi, waliovaa sketi zilizotandazwa juu ya mapete ya chuma, na wajane waliovaa nguo nyeusi miaka nenda miaka rudi. Hufungua kamusi, huona neno gauni, huona neno sketi, na akichoka huandika tu kwamba wanawake hao walivaa "nguo ndefu za heshima", kisha akapita. Mwanafunzi anayeisoma tafsiri hiyo hupata habari ya urefu wa nguo, lakini hapati habari ya jambo kubwa lililokuwa ndani yake, yaani nguvu iliyomwamuru mwanamke avae hivyo, na mkono ulioimiliki nguo yenyewe.

Shabaha ya makala hii si kumlaumu mfasiri huyo, kwani kazi yake ni ngumu. Shabaha ni kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kiswahili cha enzi hiyohiyo, tangu mwaka 1837 Malkia Victoria alipoanza kutawala hata mwaka 1901 alipofariki, kilikuwa na hazina kubwa ya majina ya nguo za wanawake. La pili ni kwamba kila jina katika hazina hiyo lilijibu swali moja: nguo hii ni ya nani, na anayeivaa ni wa nani? Mtu asiyejua jibu la swali hilo hana budi kukosea anapounda istilahi, hata kama sauti na viambishi vya neno lake ni sahihi kabisa.

Mfano wetu utakuwa Morogoro na milima ya Uluguru, kwa kuwa chini ya milima hiyo ilipita njia kubwa ya misafara, na nguo nyingi zilizotoka ng'ambo kwenda bara zilipita hapo mabegani mwa wapagazi. Lakini kwanza yatupasa kuitazama Uingereza yenyewe, ili tupate cha kulinganisha.

2. Nguo na sheria katika Uingereza

Katika Uingereza ya miaka ya mwanzo ya enzi hiyo, mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa na sheria kuwa ni mtu kamili wa pekee. Mali yake inayohamishika iliingia mikononi mwa mume siku ya ndoa: fedha, samani, hata nguo alizovaa. Mwaka 1870 Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu mke ashike mshahara wa kazi yake mwenyewe. Na sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa haki ya kumiliki mali kama mwanamke asiyeolewa. Kabla ya hapo, mke wa tajiri aliweza kutembea barabarani na gauni la hariri lenye thamani kubwa, na gauni hilo kisheria likawa la mumewe.

Gauni lenyewe lilikuwa tangazo. Kiuno chembamba kilitangaza kwamba mwenyewe hana haja ya kuinama shambani. Sketi pana ya mapete ya chuma, iliyoenea baada ya mwaka 1856, ilitangaza kwamba nyumbani kwake kuna watumishi, maana mtu aliyevaa vazi hilo hawezi kuosha sakafu wala kuchota maji kwa raha. Wanawake maskini wa viwandani na mashambani walikuwa na nguo nyingine, na wengi wao ndio waliosokota na kufuma vitambaa walivyovaa wenzao. Alipofiwa na mumewe mwaka 1861, Malkia mwenyewe alivaa nguo nyeusi mpaka kufa kwake, naye akawa kielelezo cha mjane mwema kwa taifa zima. Wako waliopinga. Mwaka 1881 kiliundwa London chama cha kutetea mavazi yasiyodhuru mwili, na wanawake wa chama hicho walisema waziwazi kwamba nguo za kubana na nguo nzito ziliharibu afya zao.

Basi nguo ya mwanamke wa Kiingereza ilisema mambo mawili kwa pamoja: ilisema cheo cha mume, na ilisema utii wa mke. Tukiwa na hayo mawili mkononi, tuingie sasa katika njia ya misafara.

3. Nguo njiani

Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar. Tangu hapo kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa kwa merikebu za Salem, kiliingia Zanzibar kwa wingi mno hata watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka: merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipopunguza bidhaa hiyo, vitambaa vya Bombay na vya Uingereza vilichukua nafasi yake, lakini jina halikubadilika. Neno likishakaa sokoni halihami kwa sababu ya vita.

Pamoja na merikani ilikuwako kaniki, yaani kitambaa cha pamba kilichotiwa nili mpaka kikakaribia weusi. Tena vilikuwako vitambaa vya rangi na michirizi, kila kimoja na jina lake: barsati, dabwani, jamdani, kitambi, kikoi, msutu, na bendera nyekundu. Burton, aliyepita Zungomero, kusini ya milima ya Uluguru, mwaka 1857, aliyaandika majina haya kwa uangalifu katika kitabu chake cha mwaka 1860, maana msafiri asiyejua tofauti ya barsati na dabwani asingeweza kununua chakula cha wapagazi wake.

Vipimo navyo vilikuwa na majina. Mkono ni urefu wa kutoka kisugudi mpaka ncha ya kidole. Mikono 4 ilifanya shuka, karibu yadi 2. Shuka 2 zilifanya doti. Na kitambaa kizima kilichokunjwa kiliitwa jora. Jora la merikani lilikuwa kama yadi 30. Vipimo hivi havikuwa vya urefu tu bali vilikuwa sarafu. Kwa shuka watu walinunua mtama na kuku. Kwa doti walilipa mishahara. Na kwa majora, ni lazima tuseme bila kuficha, walinunuliwa binadamu. Mwanamke aliyefunga kaniki chini ya makwapa yake alikuwa amejifunga kitu ambacho huenda ndicho kilichokuwa bei ya mwanamke mwenzake.

Maneno haya hayajafa. Leo mnunuzi wa kanga katika soko la Morogoro huomba doti, naye hupewa vipande viwili vilivyoungana. Fundi cherehani bado huagiza jora. Shuka imekwenda kitandani, tena imebaki begani kwa Wamasai. Ila maana ya sarafu imetoweka, na pamoja nayo imetoweka kumbukumbu ya biashara ile.

4. Hongo ya Simbamwene

Mnamo Aprili 1871 Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alifika katika mji wenye ukuta na minara ya mawe karibu na mahali palipo na mji wa Morogoro leo. Mji huo ulikuwa umejengwa na Kisabengo, Mzigua aliyepata nguvu kwa vita na kwa kuteka watu. Kabla ya kufa kwake alimwachia binti yake mkubwa utawala, akampa na jina la mji wenyewe: Simbamwene. Wajumbe wa mtawala huyo wa kike walimfuata Stanley kumdai hongo, naye akabishana nao. Mwaka uliofuata, aliporudi, alikuta mafuriko yamebomoa sehemu kubwa ya ukuta na kuangamiza vijiji vingi vya bonde lile.

Tuyaweke matukio mawili pamoja. Mwaka 1871, mke wa Mwingereza alikuwa bado hana haki kamili ya kumiliki gauni lake. Mwaka huohuo, chini ya Uluguru, mwanamke alituma wajumbe kudai nguo kutoka kwa kila msafara uliopita katika nchi yake, na wafanyabiashara wenye bunduki walizoea kulipa. Msafiri aliyetoka katika ulimwengu wa Malkia Victoria alimkuta malkia mwingine mlangoni.

Hapa ndipo istilahi inapotusaliti. Katika Kiswahili cha leo hongo ni rushwa. Mwanafunzi anayesoma kwamba Simbamwene alidai hongo atamwona kama karani mla rushwa anayemzuia mwananchi dirishani. Lakini hongo ya karne ya 19 ilikuwa ushuru wa njia: ilidaiwa hadharani, ilipatanwa kwa wajumbe, ilihesabiwa kwa doti, na ilikuwa alama ya kuitambua mamlaka ya mwenye nchi. Wasafiri wa Ulaya waliichukia na kuiita unyang'anyi. Sisi tukiliacha neno bila maelezo tunakubali hukumu yao bila kujua, na kwa neno moja tunamvua mtawala wa kike cheo chake.

Wala tusimpambe kupita kiasi. Dola aliyorithi ilisimama juu ya utekaji, na katika njia ileile aliyoitoza ushuru walipita wanawake waliofungwa kamba shingoni. Mwanamke mmoja kutawala hakukuwa uhuru wa wanawake wote, kama vile Malkia Victoria kukaa kitini hakukuwapa wake wa Uingereza mali zao.

5. Ukaya, barakoa na kanga

Huko pwani, ambako misafara ilianzia, cheo cha mwanamke kilisomwa kichwani mwake. Kamusi na vitabu vya sarufi vya wakati ule, kama kitabu cha Steere cha mwaka 1870 na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, vimetuhifadhia majina mengi. Ukaya ulikuwa kitambaa cha buluu cha kichwani chenye ncha ndefu, nao ulivaliwa na wanawake maskini na watumwa. Barakoa ilikuwa kifuniko cha uso kilichotariziwa, nayo ilivaliwa na mabibi wa nyumba kubwa. Salme binti Said, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, aliyafahamu mavazi ya jumba la Sultani tangu utoto, kisha akavaa magauni ya Ulaya huko Hamburg. Ni mmoja wa watu wachache wa enzi ile waliozijua sheria za nguo za pande zote mbili kwa mwili wao wenyewe.

Mtumwa alivaa alichopewa, na alichopewa mara nyingi kilikuwa merikani au kaniki. Kwa hiyo, kanga ilipotokea katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakaishika kanga, na baadaye buibui. Hawakufanya hivyo kwa kupenda mapambo tu. Walikuwa wanalikataa jina la zamani kwa kuivua nguo iliyolibeba. Methali yetu husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo; wanawake hawa walitaka nguo walizonunua wenyewe. Upande wa bara mambo yalikwenda polepole zaidi, kwani katika Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kabisa mwaka 1922 tu.

Neno barakoa lina mkasa wake. Kwa miaka mingi lilikaa katika kamusi kama kitu cha makumbusho. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani, lilitolewa kabatini likapewa kazi mpya ya kutaja kifuniko cha pua na mdomo, na watu wakalipokea mara moja. Jambo hili lapasa kututia moyo: neno la kale halina ubaya wowote wa kufanya kazi mpya. Lakini lapasa pia kutuonya, maana wengi wanaolitumia leo hawajui kwamba hapo kale halikuwahusu watu wote.

6. Mwali, mkaja na kiuno kilichobanwa

Tupande sasa milimani. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ni ya ukoo, na mjomba ana sauti kubwa. Mwanamke alipoolewa hakupotea ndani ya jina la mume, wala hakukatwa katika ardhi ya ukoo wake. Huu ndio mpaka mkubwa kati yake na mke wa Kiingereza wa mwaka 1850.

Hata hivyo, matarajio ya jamii yalimkabili naye. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Zamani alikaa miezi mingi, pengine hata zaidi ya mwaka, mbali na jua na macho ya watu, akifundwa mambo ya unyumba, adabu na uzazi. Alipotolewa alivikwa nguo mpya na kuchezewa ngoma, ili kijiji kizima kimwone kwamba amekuwa mtu mzima. Hapa nguo haikutangaza utajiri wa mume, kwa kuwa mume huenda hajapatikana bado. Ilitangaza kwamba ukoo wa kike umepata mzazi mwingine. Ni heshima kubwa, na ni mzigo mkubwa pia. Msichana mwenyewe hakuulizwa kama yu tayari kuubeba.

Katika posa za Morogoro na pwani husikika hadi leo majina ya nguo yaliyogeuka kuwa majina ya haki. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Tena ni zawadi anayopewa mama wa bibi arusi. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Nao pia hutolewa kwa mama. Kilemba ni cha wanaume wa jamaa, kama vile mjomba. Mposaji anapotoa mkaja anakiri kwamba mwili wa mwanamke mmoja uliumia na kufungwa ili mchumba wake apate kuwako. Sijui kama yuko mtunga sheria aliyelisema jambo hilo kwa maneno machache zaidi.

Kwa sababu hiyo napinga wazo, ambalo huweza kumjia mfasiri yeyote kwa urahisi, la kuliita vazi la Kiingereza la kubana kiuno kwa jina la mkaja. Kwa umbo vinafanana, kwani vyote viwili hufunga tumbo. Kwa kazi havifanani hata kidogo. Mkaja hufungwa na wanawake wakubwa ili kumrudishia mzazi nguvu, nao hufunguliwa siku zikitimia. Vazi lile la Ulaya lilifungwa ili mwili upendeze machoni pa watu, na lilivaliwa hata likaudhuru mwili wenyewe.

7. Misheni, reli na gauni

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Morogoro mwaka 1882. Katika vijiji vyao waliwaweka watu waliokombolewa utumwani, wakawaozesha, na kuwafundisha kazi. Wasichana walifundishwa kushona. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na vitambaa havikuhitaji tena mabega ya wapagazi.

Pamoja na sindano yalikuja maneno. Gauni lilitoka katika Kiingereza, na shimizi lina asili ya Kifaransa. Sidiria haikutoka Ulaya. Imetokana na Kiarabu, nayo imechukua nafasi ya kanchiri, kitambaa cha kifuani cha wanawake wa zamani. Msamiati wa nguo za kike umekusanywa toka pande zote, kama yalivyo maduka ya Morogoro.

Lakini neno lililobadilika zaidi halikuwa jina la nguo. Wasafiri wengi wa Ulaya waliwaona wanawake waliofunga kaniki chini ya makwapa, mabega wazi, wakaandika kwamba wako uchi. Kwa Kiswahili mwanamke huyo hakuwa uchi. Alikuwa amevaa, naye amejisitiri. Stara yetu ina upana ambao heshima ya Kiingereza ya wakati ule haikuwa nao, kwa kuwa mtu husitiri mwili wake, tena husitiri aibu ya jirani. Mfasiri akiandika "uchi" kila mwandishi wa Ulaya alipoandika hivyo, anaingiza katika lugha yetu jicho la mgeni.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo napendekeza haya yafuatayo, ili wataalamu na wasomaji wayapime.

(a) Enzi hiyo iitwe enzi ya Malkia Victoria, na miaka yake itajwe, yaani 1837 hadi 1901. Kusema "zamani" au "mavazi ya kizamani" hakutoshi.

(b) Vazi la kubana kiuno liitwe koseti, kwa mkopo ulio wazi, na maana yake ielezwe mara ya kwanza linapotajwa. Neno mkaja libaki na kazi yake.

(c) Sketi ya mapete ya chuma iitwe sketi ya tenga. Kila mtu wa Morogoro anayajua matenga yanayoteremka na mboga kutoka Mgeta. Umbo litaeleweka bila picha. Anayetaka mkopo aweza kuandika krinolini.

(d) Nguo ya ndani ya chini ya gauni iitwe shimizi, neno ambalo tayari tunalo.

(e) Katika kamusi, neno hongo lipewe wazi maana yake ya kihistoria ya ushuru wa njia, kando ya maana ya rushwa. Vivyo hivyo doti, shuka na jora vitajwe kuwa vipimo na sarafu za misafara.

(f) Majina kama ukaya, kanchiri, barsati na dabwani yasiondolewe katika kamusi kwa hoja kwamba hayatumiki. Hayo ni ushahidi wa watu ambao hawakuacha maandishi mengine.

9. Hitimisho

Wanawake wa London na wanawake wa Uluguru waliishi katika enzi moja, na pamba ileile ya ulimwengu iliwafikia wote. Mmoja alivaa gauni lisilo lake, mwingine alivaa kaniki aliyopewa na bwana, mwingine alitoza majora mlangoni pa mji wake, mwingine alitolewa ndani na nguo mpya ya ukoo. Neno "nguo" pekee haliwezi kuwatofautisha, na tukiridhika nalo tutakuwa tumewavika wote sare moja.

Wako bado milimani na mjini akina bibi wanaojua majina ya vitambaa, mafundo na mikunjo ambayo hayamo katika kamusi yoyote, ya Kiswahili na ya Kiluguru pia. Wasomaji walio Morogoro, Matombo, Mgeta na Kisaki wanaombwa kuyaandika majina hayo, kila moja na maelezo ya nani alilivaa, alipewa na nani, na lini alilivua.